Siku Mtukufu Alipopandishwa Mkingamo

Jina la nchi yetu sitalitaja, kwa sababu wakati ninaandika haya liko wizarani linarekebishwa. Nitataja mji wetu tu, Mkingamo, ambao hakuna aliyewahi kuona umuhimu wa kuurekebisha. Mimi ni fundi wa vipaza sauti wa halmashauri. Kila hotuba iliyotolewa mjini kwa miaka kumi na tisa imepitia kwenye nyaya zangu, na sijawahi kuielewa hata moja vibaya. Nasema hivi mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na raia mwema.

Mkingamo una vitu viwili vya kumwonyesha mgeni: daraja na malango ya maji. Daraja ni la mawe meusi, tao moja tu, lenye mgongo kama wa paka aliyeshtuka, na limevuka mfereji wa zamani wa chumvi. Lilijengwa miaka mia moja na thelathini iliyopita na kampuni ya wageni iliyotaka chumvi ya maziwa ya juu ifike pwani bila kubebwa vichwani. Wageni walileta ramani. Mawe yalichongwa na watu wa hapa, waliokusanywa vijijini kwa kamba, na kwa kuwa walilishwa kulingana na idadi ya mawe, kila mchongaji aliweka alama yake kwenye jiwe lake: huyu samaki, huyu kitana, huyu kiganja cha mkono. Alama zipo mpaka leo. Kwenye kona ya daraja, chini, kuna michirizi iliyochimbika ndani ya jiwe, mirefu, inayomeza kidole gumba chote. Ilichimbwa na kamba za watu waliokuwa wakivuta mashua kwa mabega.

Pembeni ya daraja ndipo yalipo malango. Mahali hapo ardhi inashuka ghafla, hivyo maji ya mfereji wa juu yako juu sana kuliko ya mfereji wa chini. Katikati wakajenga chumba kirefu cha mawe, kina malango ya mbao pande zote mbili. Mashua ikitoka chini inaingia chumbani, lango la chini linafungwa nyuma yake, maji ya juu yanaachiwa polepole kupitia vidirisha vya chuma, na mashua inapanda na maji hadi ilingane na mfereji wa juu. Kisha lango la juu linafunguliwa, inaendelea na safari. Ni kazi ya robo saa, na mtu akiitazama mara ya kwanza huwa haondoki mpaka aione tena.

Aliyeyatunza malango alikuwa Bi Siwatu Ngoda. Alirithi kazi kutoka kwa baba yake, pamoja na kinyumba cha mawe chenye dirisha la kuona mifereji yote miwili ukiwa umekaa kitandani. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mikono kama ya mpiga makasia, na tabia moja iliyowasumbua viongozi wetu: ukimwuliza kitu, anakujibu hicho hicho ulichouliza.

Kwa miaka kumi na moja Bi Siwatu aliandikia wizara barua kuhusu lango la chini. Mbao zake zilikuwa zimeoza. Wizara, ambayo haidharau barua ya raia, ilimjibu kila mara. Mara ya kwanza ilimtaka athibitishe kwamba lango ni la chini. Mara nyingine ilimweleza kwamba lango ni urithi wa taifa, na urithi haukarabatiwi bali huhifadhiwa katika hali yake, na kwa kuwa hali yake ni kuoza, basi anaombwa ahakikishe linaendelea kuoza bila kuharibiwa. Barua hiyo aliibandika jikoni.

Hatimaye, masika ya mwaka wa kumi na moja, Bi Siwatu aliacha kupandisha mashua. Chini ya malango kuna mtaa wa Bondeni, nyumba mia mbili na kumi na mbili pamoja na shule, zote zikiwa zimekaa chini kuliko usawa wa maji ya juu. Alisema lango likipasuka chumba kikiwa kimejaa, maji yote yatashukia huko. Kuanzia hapo wenye mashua za vitunguu na matofali walishusha mizigo, wakaibeba kuvuka daraja, wakaipakia kwenye mashua nyingine upande wa juu. Wizara ilipoona mashua nyingi zimesimama, ilitangaza kwamba usafiri wa mfereji umeongezeka mara tatu.

Mambo yangeendelea hivyo kwa amani kama Mtukufu Mlezi wa Taifa asingeota ndoto. Aliota, na gazeti likaichapa ukurasa wa kwanza, kwamba daraja la Mkingamo lilijengwa na babu yake.

Habari hii ilitufurahisha sana. Tatizo lilikuwa dogo tu: babu wa Mtukufu alizaliwa miaka arobaini baada ya daraja. Umri wa babu usingeweza kubadilishwa kwa sababu watoto wote wa shule wanaimba wimbo wa siku yake ya kuzaliwa. Kwa hiyo ikaamuliwa umri wa daraja ndio upungue, na Wizara ya Urithi na Sherehe ikamtuma mtaalamu wake wa historia, Bwana Filemoni Ndarubwa, aje kuupunguza.

Bwana Filemoni alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuja na futi ya kamba na daftari, na siku ya kwanza alilala kifudifudi juu ya daraja akisoma alama za wachongaji kwa vidole, saa tatu nzima, watu wakimruka. Bi Siwatu alimpelekea chai palepale alipolala. Walizungumza mawe hadi chai ikapoa. Alimweleza jinsi kila lango linavyojengwa kwa pande mbili zinazokutana kwa pembe, kifua kikielekea maji, ili maji yenyewe yanaposukuma yawe ndiyo yanayolibana. Bwana Filemoni alichora, akafuta, akachora tena. Aliwaambia watu wa mgahawa kwamba amefanya kazi ya historia miaka ishirini na sita na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kukutana nayo.

Lakini kazi ni kazi. Juma lile aliliondoa bamba la jiwe la katikati ya tao lililokuwa na mwaka, akaweka jipya lenye mwaka uliokubaliana na babu. Michirizi ya kamba ilikuwa na kina kirefu mno kwa daraja changa namna ile, ikajazwa saruji. Zikabaki alama za wachongaji, kumi na tisa tofauti, na saruji ikawa imekwisha. Bwana Filemoni akaandika kwamba babu wa Mtukufu alikuwa na saini kumi na tisa, akitumia moja au nyingine kulingana na alivyoamka. Niliyaona machozi yakimtoka alipokuwa akiandika, nikadhani ni vumbi la saruji.

Kisha likaja jambo la lango.

Waziri wa Urithi na Sherehe, Mheshimiwa Ponsiano Mwalongo, alikuwa amepanga sherehe yenyewe. Mtukufu angekuja kwa jahazi la taifa kutokea mfereji wa chini, aingie chumbani asionekane, halafu maji yajazwe naye apande polepole mbele ya macho ya wananchi, kama jua, shairi likisomwa. Kwa hilo ilihitajika hati ya uzima wa lango. Bwana Filemoni aliagizwa aijaze.

Alikwenda kwa Bi Siwatu na hati mkononi. Nilikuwepo, nikipima mahali pa kuweka spika. Bi Siwatu hakubishana naye. Aliingia jikoni, akatoka na kisu cha kukatia nyama, wakashuka pamoja hadi kwenye lango la chini. Akakiweka kisu kwenye ubao mnene wa katikati, akakisukuma kwa kiganja. Kisu kikaingia hadi mpini, bila kishindo, kama kimeingia kwenye papai.

"Sukuma na wewe," akamwambia.

Bwana Filemoni alisukuma mahali pengine, kisu kikaingia vilevile. Akakaa kwenye mawe, akaifungua hati. Ilikuwa na swali moja, "Hali ya lango ikoje?" na nafasi mbili za kutia alama: Bora, na Bora Sana. Aliitazama muda mrefu. Alisema ana wasichana wanne, na mwenzake wa meza ya pili alipelekwa kuhesabu mchanga wa mpaka wa kaskazini kwa sababu ya koma. Bi Siwatu akamwuliza kama wasichana wake wanajua kuogelea. Bwana Filemoni akachomoa kalamu. Akatia alama kwenye Bora, akaniambia baadaye kwamba hiyo ndiyo njia yake ya kupinga.

Siku ya sherehe jua lilitoka kwa ruhusa. Jukwaa la mbao nzito za mninga lilikuwa limejengwa kando ya chumba cha maji, ngazi thelathini za viti, maafisa wamejaa. Raia walijaa darajani. Watoto mia tatu wa shule ya Bondeni walipangwa ukingoni kwa chini, mbele ya shule yao, kila mmoja na bendera, ili Mtukufu awapungie akipita. Bi Siwatu alikwenda kwa mkuu wa itifaki kuomba watoto wasogezwe juu. Aliambiwa mpango umeshapigwa chapa.

Jahazi lilifika saa nne asubuhi. Mtukufu alikuwa amesimama mbele, suti nyeupe, fimbo mkononi, Waziri Mwalongo nyuma yake, na nyuma ya Waziri Bwana Filemoni akiwa amekumbatia hati zake, kwa kuwa ndiye angeeleza usanifu wa daraja wakati wa kupanda. Watoto walipunga. Jahazi likaingia chumbani, likatoweka machoni petu. Bi Siwatu na wasaidizi wake wawili, wanawake wa Bondeni, wakalisukuma lango la chini likafunga nyuma yake. Bendi ikapiga. Msoma shairi akasimama, akaanza.

Shairi lilikuwa la dakika kumi na nne, sawasawa na muda wa kupanda. Likaisha. Hakuna kilichoonekana. Msoma shairi alitazama huku na huku, akaanza upya. Alipolimaliza mara ya pili, nilisogea ukingoni nikachungulia. Jahazi lilikuwa palepale lilipoingia, chini kabisa, kama kitu kilichodondoka kisimani. Mtukufu alikuwa ameinua uso na tabasamu lilikuwa linaanza kumchoka.

Mkuu wa itifaki alinijia mbio, akasema hotuba ianze huku maji yakisubiriwa. Kwa kuwa waya haukufika chini, niliuunga na mwingine, nikakifunga kipaza sauti kwa kamba nikakishusha. Mheshimiwa Waziri akakidaka, akaongea kutoka shimoni, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote za mji, ikiwa na mwangwi mzuri.

"Ndugu wananchi, daraja hili si mawe. Mawe ni mawe. Daraja hili ni fikra iliyokaa juu ya maji, na fikra hiyo ina babu. Leo mjukuu anapanda mahali ambapo babu alipanda. Atapanda bila haraka, kwa sababu viongozi wa kweli hawapandi kwa haraka. Tazameni anavyopanda."

Tukatazama ukuta. Watu walipiga makofi, mimi pia. Waziri akashusha sauti, akamwita Bi Siwatu aliyekuwa amesimama juu yake kando ya mpini wa vidirisha, akamtaka afungue maji. Kipaza sauti hakikuzimwa. Nimehojiwa mara tatu kuhusu jambo hilo na mara zote nimeeleza kwamba swichi ilikuwa ya zamani.

"Siwezi, Mheshimiwa," Bi Siwatu akasema. "Lango la chini limeoza. Nikijaza chumba, litavunjika. Jahazi lenu litatoka kinyumenyume na maji yote, na huko liendako kuna watoto."

Waziri alisema lango lina hati. Alimnyang'anya Bwana Filemoni karatasi, akaiinua juu ili Bi Siwatu aisome, ingawa alikuwa mbali naye kwa urefu wa nyumba. Akasema serikali imeshaamua kwamba lango ni bora, kwa hiyo anayesema limeoza anaoza yeye. Bi Siwatu akakaa juu ya mpini. Alikaa kabisa, akakunja mikono.

Walinzi wawili wa Mtukufu waliokuwa jukwaani walianza kumsogelea. Hapo Mtukufu aliongea kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hakumwuliza Waziri. Alimgeukia Bwana Filemoni, akamwuliza kama saini iliyo kwenye hati ni yake.

Bwana Filemoni akakubali.

"Basi niambie. Lango hili ni zima?"

Mji wote ulisikia ukimya uliofuata, kwa sababu spika zangu ni nzuri. Nilimwona Bwana Filemoni akilitazama lango la chini, hatua chache nyuma ya jahazi, vipande vya ubao uliooza vikielea mbele yake japokuwa chumba kilikuwa hakijajazwa. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Mtukufu, fomu ilikuwa na nafasi mbili tu," akasema. "Si zima. Nilichoma kisu kikaingia hadi mpini. Maji yakijaa litapasuka, na Bondeni itazama, na sisi pia. Na daraja hili si la babu yako. Lina miaka mia na thelathini. Walilijenga watu waliofungwa kamba."

Sijui ile ya babu aliisema ya nini, hakuna aliyekuwa amemwuliza. Pengine mtu akishafungua mdomo anaona bora amalize.

Jambo la kwanza lililotokea lilitokea Bondeni. Mwalimu mkuu wa shule, mama mmoja aliyekuwa amesimama chini ya spika yangu ya mwisho, alipiga filimbi, na watoto mia tatu wakageuka na kuanza kuupanda mteremko wawili wawili, bendera mkononi, kimya. Bendi ikadhani ni sehemu ya mpango, ikawapigia muziki. Wanawake waliokuwa darajani wakashuka kuwapokea. Kuanzia hapo hakuna aliyetazama shimoni tena isipokuwa waliolipwa kutazama.

Kule chini kulikuwa na mjadala. Bi Siwatu alijitolea kufungua tena lango la chini ili jahazi lirudi lilikotoka, kwa kuwa maji ya pande zile mbili yalikuwa sawa na hakukuwa na hatari yoyote. Mkuu wa itifaki alikataa. Katiba yetu, kifungu cha nne, inasema Taifa halirudi nyuma, na wakati huo Taifa lilikuwa ndani ya jahazi. Njia pekee iliyobaki ilikuwa ngazi ya chuma iliyopachikwa ukutani, vipandio ishirini na saba, ya kutumiwa na wafanyakazi, iliyojaa utelezi wa kijani.

Waziri alipendekeza kwa heshima kwamba Mtukufu atangulie, kama anavyotangulia katika mambo yote. Mtukufu alipendekeza kwamba Waziri aijaribu. Itifaki ilisema Waziri hawezi kuwa juu ya Mtukufu, hata kwa kipandio kimoja. Basi Mtukufu akamkabidhi mtu fimbo, akashika chuma, akaanza. Waziri alifuata, kichwa chake kikiwa ndicho kilichomsukuma Mtukufu kwa nyuma. Kwenye kipandio cha tisa waliteleza wakarudi hadi cha sita. Mkuu wa itifaki akatutaka tuangalie mbingu, nasi tukaangalia.

Alipofika juu, suti ilikuwa ya kijani kuanzia kifuani hadi magotini. Mguu wa mwisho ulikuwa haupati mahali. Maafisa wa jukwaani walikuwa wengi, lakini kila mmoja alikuwa akijiuliza kama ana cheo cha kutosha kumshika. Bi Siwatu aliinuka kwenye mpini, akapiga goti ukingoni, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamvuta kama anavyovutwa mtu yeyote. Mtukufu alikaa juu ya mawe akihema. Nilikuwa karibu, nikikusanya waya.

"Wewe ndiye uliyezuia maji?" akamwuliza.

"Ndiyo, Mtukufu."

"Nani alikuruhusu?"

"Hakuna. Wala hakuna aliyeniruhusu kuzamisha watu."

Mtukufu alimtazama. Kwa muda mfupi alionekana mzee wa kawaida aliyechoka, na nilidhani atamwambia kitu. Akaomba taulo.

Kesho yake gazeti lilieleza kwamba Mtukufu, kwa kumuenzi babu yake aliyekuwa akipanda ukuta ule kila asubuhi, alikataa kubebwa na maji akapanda kwa mikono yake. Siku hiyo sasa ni sikukuu. Kila mwaka maafisa wa mikoa yote hupanda ngazi, na mwaka jana Waziri Mwalongo alivunjika nyonga, akatunukiwa nishani.

Bwana Filemoni aliwekwa ndani siku kumi na moja. Alipotolewa alipewa uhamisho kwenda Idara ya Historia ya Baadaye, ambako huandikwa mambo ambayo bado hayajatokea na kwa hiyo hayawezi kukanushwa. Aliniandikia mara moja. Alisema wasichana hawajambo, na kwamba mkubwa ameanza kujifunza kuogelea.

Bi Siwatu alifukuzwa kazi kwa kosa la kuzuia maji ya serikali bila kibali, akatakiwa ahame kinyumba chake ndani ya mwezi mmoja. Alifunga vyombo vyake. Nilimkuta amekaa juu ya sanduku, akitazama dirishani upande wa mfereji wa juu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alionekana hana la kufanya. Alisema kufukuzwa si kitu. Kinachomuuma ni kwamba watamleta mtu mwingine, mtu anayetii, na siku moja ataambiwa ajaze.

Nadhani watu wa Bondeni walifikiria hilo hilo, kwa maana wao ndio waliolala chini yake. Jukwaa lilikuwa bado limesimama kando ya chumba, kwa kuwa amri ilikuwa ya kulijenga na hakuna aliyeandika amri ya kulibomoa. Mchana mmoja wa Jumanne, jua likiwa utosini, fundi wa mashua aitwaye Chikira alikuja na nyundo na wanawake wapatao arobaini. Hawakujificha. Walianza na viti vya mabalozi. Ubao kwa ubao waliushusha mninga ule wote, na walinzi wa jukwaa walipouliza wanafanya nini, Chikira alisema wanalihifadhi. Walinzi waliandika kwamba jukwaa linahifadhiwa, wakaenda kula.

Kazi ya kulijenga lango jipya kwa mbao hizo ilichukua wiki tano. Bi Siwatu hakuhama. Alikaa kwenye kiti ukingoni akiwaelekeza pembe ya pande mbili, kwa michoro ambayo Bwana Filemoni aliiacha kwake, na alimtaka Chikira aung'oe ubao mmoja mara tatu hadi ulipokaa sawa. Walilitoa lile la zamani kwa vipande. Vingine vilivunjika kwa kushikwa tu. Watu walivirundika mbele ya shule, na kila mzazi akapita akavitazama.

Siku ya kulijaribu, mashua ya vitunguu ya Bwana Hizza, aliyekuwa akibeba magunia kuvuka daraja tangu masika, iliingia chumbani. Shule ilikuwa imehamishiwa juu kwa asubuhi hiyo. Bi Siwatu alizungusha mpini wa vidirisha kidogo, akausimamisha, akashuka hadi kwenye lango jipya, akaweka kiganja juu ya ubao na kusikiliza. Akarudi, akazungusha tena. Alifanya hivyo mara saba. Maji yalipanda, mashua ikapanda nayo, kwanza tukaona kofia ya Bwana Hizza, kisha Bwana Hizza mwenyewe ameshikilia gunia kama mtu anayeshikilia mtoto. Lango lilitoa mlio mmoja, likajibana, likanyamaza. Maji yakawa sawa na mfereji wa juu. Bi Siwatu akaingia ndani ya kinyumba chake akafunga mlango, na hakutoka hadi alasiri. Sikumwuliza alikuwa anafanya nini.

Wizara ilikaa miezi minne bila kusema kitu. Mashua zilikuwa zinapanda na kushuka. Kisha akaja mkaguzi kutoka makao makuu, mtu mzima mwenye tai na mkoba wa ngozi, akiwa na barua ya kumkabidhi Bi Siwatu mkononi. Alimwona yuko upande wa pili wa mfereji akipaka grisi bawaba. Njia fupi ya kuvukia ni juu ya lango lenyewe la chini, ambapo Chikira alipigilia ubao mpana wa kukanyaga na mti wa kushikilia. Chumba kilikuwa kimejaa hadi ukingoni. Mkaguzi alivuka hatua kwa hatua, amekumbatia mkoba, akafika katikati akasimama kupumua, na hapo Bi Siwatu akamwomba asome tu, kwa sababu mikono yake ina grisi.

Mkaguzi akasoma. Barua ilisema wizara imepitia kumbukumbu zake zote na haikuona kibali, zabuni wala hati ya lango lolote jipya Mkingamo. Kwa hiyo lango hilo halipo. Raia yeyote anayedai lipo, analitumia, au anaegemea kitu anachodhani ni lango hilo, atachukuliwa hatua. Alisoma vizuri, kwa sauti, hadi jina la mweka saini.

Bi Siwatu alifuta mikono kwa tambara, akamtazama.

"Nimekuelewa, baba. Sasa wewe umesimama juu ya nini?"

Mkaguzi aliangalia chini. Upande wake wa kulia maji yalikuwa yamefika karibu na viatu vyake. Upande wa kushoto, chini sana, mapaa ya Bondeni yalikuwa yanafuka moshi wa mapishi ya mchana, na watoto walikuwa wanatoka shule. Alikaza mkono kwenye mti wa Chikira.

"Mama," akasema, "mimi nimetumwa kuleta barua tu. Naomba mtu anishike mkono."